Sifa za Kisanduku cha Mipangilio

Wapo wanaosifu kamera, wapo wanaosifu taa, wapo wanaosifu karatasi inayong'aa. Mimi namsifu asiyesifiwa: kile kisanduku cha mipangilio kilichojificha ndani ya programu ya kurekebisha picha, kinachoamua madirisha yafungukie wapi na gurudumu la kipanya lifanye kazi gani. Mafundi picha wa hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, wanakijua vizuri, ila hukitaja kwa matusi tu. Hawana shukrani.

Nianze na ukoo, kama ilivyo ada ya kusifu. Mkubwa wa ukoo, Photoshop, alitungwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, akaingia sokoni mwaka 1990. Mdogo wake, GIMP, alizaliwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, akatolewa bure mwaka 1996. Ndiyo maana hata kompyuta ya mtumba humkaribisha. Mwaka huohuo Microsoft ikaleta kipanya chenye gurudumu, na raha ikatuishia: gurudumu lipandishe na kushusha picha, au liikuze? Mwaka 2011 Apple nao wakageuza mwelekeo wenyewe wa kusogeza, ili aliyekwisha kuzoea aanze upya.

Fadhila yake ya kwanza ni kufundisha subira. Kwa miaka mingi GIMP ilifunguka vipandevipande: zana huku, tabaka kule, picha katikati. Dirisha moja linalobeba vyote lilikuja na toleo la 2.8, mwaka 2012, na hata hapo ilibidi uende kulichagua mwenyewe. Ukibofya pasipofaa, zana zinazama nyuma ya picha, na fundi anazisaka kama mayai ya kuku anayetagia kichakani.

“Papa fundi, bado tu?”

“Mama, vumilia kidogo. Mashine inajipanga.”

Inapojipanga, Mkongo na Mrundi waliokaa benchi moja wakisubiri picha ndogo za kadi wamekwisha kuulizana habari za nyumbani na kukubaliana bei ya maharage. Mikutano mingapi ya amani imefika hapo?

Fadhila ya pili ni usawa. Nakivale, iliyotangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, ina Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Wahabeshi. Kisanduku hakimwulizi yeyote ametokea wapi wala amefika lini. Huwasumbua wote kwa kipimo kimoja.

Ya tatu ndiyo kubwa: kinampa mtu mamlaka. Hapa mambo mengi huamuliwa kwenye meza za wengine: kiwanja chako kipi, posho yako kiasi gani, nchi ipi itakupokea na lini. Lakini katika kisanduku hiki unaweka alama kwa mkono wako. Madirisha yaelee au yapangane? Amua. Gurudumu likuze au lisogeze? Amua. Hakuna foleni, hakuna “rudi Jumatatu”. Unathibitisha, unatiiwa papo hapo. Na ukishaharibu kila kitu, shikilia Ctrl, Alt na Shift wakati Photoshop inafunguka. Itakuuliza kwa upole kama ungependa mipangilio yote ifutwe, uanze upya. Nitajieni ofisi, iwe ya Mbarara au ya Geneva, inayomwuliza mtu swali hilo.

Wabishi husema: si uipange mara moja, yaishe? Hao hawajaona kompyuta moja yenye mafundi wawili. Wa asubuhi anataka gurudumu likuze; wa jioni anataka lisogeze. Kila mmoja hurekebisha alichoharibu mwenzake, na kila mmoja anaamini ameikomboa studio. Hiyo ndiyo siasa, tena haijamwaga damu.

Na bado sijataja huruma yake. Picha ikirudishwa kwa sababu sikio moja halionekani, nani abebe lawama? Fundi hawezi, ana watoto. Mteja hawezi, amekwisha kulipa. Ofisi haiwezi, maana ofisi haikosei. Kisanduku ndicho husingiziwa, hukaa kimya, na kesho asubuhi hufunguka bila kinyongo, madirisha yakiwa yametawanyika upya.