Abiria wa Bampa

Watu wakiona ambulensi hudhani kazi ya dereva wake ni kukimbia. Kukimbia ni nusu tu. Nusu ya pili ni kusugua, na hiyo haina king'ora wala posho.

Kutoka Shimoni hadi hospitali ya Msambweni ni kama kilomita 30. Unapita vichaka hadi Kanana, unashika barabara kuu ya Lunga Lunga, unakata kulia, unavuka daraja la Ramisi na mashamba ya miwa. Mchana ni safari ya kupunga upepo. Usiku, hasa mvua za kwanza za masika zikishanyesha, hewa yote ina wenyewe. Kumbikumbi wametoka vichuguuni kwa harusi yao, madume na majike wote wako angani, nawe unaivamia shughuli yao kwa taa kali na mwendo wa kuokoa maisha. Nyuma, sista anakuhimiza ukanyage mafuta. Mbele, bwana harusi anatua kwenye kioo. Ukiwasha waipa, badala ya kuondoka anapakwa kioo kizima.

Nilikuwa nikiamini kwamba wadudu hupenda taa. Kumbe sivyo. Januari 2024 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Communications kwamba mdudu anayeruka huelekeza mgongo wake palipo na mwanga zaidi, kwa sababu tangu enzi na enzi mwanga wa usiku ulitoka mbinguni, na hivyo ndivyo alivyojua juu ni wapi. Taa ikimtokea ubavuni, anapinda, anapotewa na mizani, anabaki kuzunguka. Nilipomweleza fundi wetu habari hiyo aliacha spana akafikiri kidogo. "Kwa hiyo wao wanaona bampa ndiyo mbinguni?" akauliza. Kwa walivyoishia wengi wao, hakuwa mbali na ukweli.

Wenzetu wa Ulaya wana shida ya kinyume. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba katika hifadhi kadhaa za Ujerumani uzito wa wadudu wanaoruka umepungua kwa zaidi ya asilimia 75 ndani ya miaka 27, na madereva wa makamo huko husikitika kwamba siku hizi vioo vyao vinamaliza safari vikiwa safi. Ni msiba wa kweli, maana bila wadudu ndege watakula nini, na mimea mingi itazaaje? Lakini kama kuna Mjerumani anayewatamani, aje Ramisi mvua ikikatika. Ndoo tutampa, na sponji tutampa.

Kukicha ndipo unapoona ulichokibeba. Mbele ya gari hakuna tena weupe, kuna mabawa. Mabawa ya kumbikumbi hung'oka upesi, kwa hiyo yamejaa kwenye wavu wa mbele mpaka rejeta haipumui, na usipoyatoa injini itachemka kabla hujafika Ramisi. Panzi mmoja ameganda kwenye taa ya kulia, miguu juu. Neno AMBULANCE, ambalo limeandikwa kinyume kwenye boneti ili dereva aliye mbele yetu alisome sawasawa katika kioo chake, limepoteza herufi mbili. Hasara si kubwa. Bodaboda wengi waling'oa vioo vya pembeni zamani, hawamsomi mtu. Wanaolisoma bila shida ni watoto wa chuo cha Kurani, ambao kila asubuhi wanatoka kusoma kuanzia kulia kwenda kushoto na hawaoni ajabu iko wapi.

Basi ukishika ndoo, washauri wanajaa. Mvuvi mmoja anayepanda kutoka gatini ataapa kwamba maji ya bahari hung'oa kila kitu. Ni kweli: yatang'oa wadudu, kisha rangi, kisha bati lenyewe. Mama wa mahamri husema limau na majivu. Kijana wa tuktuk anataka mafuta ya taa, na siku aliyoyapaka kwa hiari yake, mgonjwa aliyekuja na kichefuchefu kimoja aliondoka na viwili. Kuna aliyeleta waya wa kusugulia sufuria, akafukuzwa kabla hajaushusha.

Kuku hawashauri, wao huja moja kwa moja kazini. Majogoo wa jirani hudonoa bampa mpaka limeng'aa, ila kila mmoja hulipwa kwa kula na hutoa risiti papo hapo, juu ya boneti. Sista wetu mmoja, mzaliwa wa magharibi ya Kenya, alipoona nawamwagia kumbikumbi maji ya sabuni alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ndugu yangu, hiyo ni mboga! Kwetu tungekuwa tumeshakaanga!" Nikamwambia achukue wote. Akaangalia bampa, akaangalia rangi ya barabara iliyochanganyika humo, akasema ameshiba.

Shida ya mdudu ni kuchelewa. Majimaji yake yana protini, na boneti la moto likisaidiwa na jua la saa nne huyagandisha kama yai kwenye karai. Ukiyaacha siku mbili tatu yanaanza kuila rangi. Dawa haina siri: lowesha kitambaa kikubwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, mfunike nacho mpaka alainike, ndipo umpanguse taratibu kwa sponji. Maji yawe matamu, nayo huku juu ya mwamba wa matumbawe hupatikana kwa mtungi wa lita 20 na kwa mdomo mtamu zaidi.

Kwa hiyo gari lenye haraka kuliko yote Shimoni ndilo linalotaka subira kuliko yote, na anayepita akimkuta dereva amekaa kivulini kando ya gari lililofunikwa, hujua kodi yake inakokwenda.

Kitambaa chenyewe nilipewa na mke wangu: leso kuukuu, rangi imepauka lakini jina bado linasomeka kutoka mbali. Nikaitandaza mbele ya gari, nikaimwagia maji, nikaingia ndani kutafuta chai. Niliporudi nilimkuta mzee mmoja aliyevuka kwa mashua kutoka Wasini amesimama na bakora yake mbele ya ambulensi, anasoma: UMEKUJA MWENYEWE SIKUKUITA.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ni kweli hamkuniita. Lakini goti limenizidi."

Nikamweleza kwamba maneno yale yalikuwa ya wadudu. Akacheka mpaka akashika bampa. Mkubwa wetu wa kituo hakucheka. Aliagiza leso igeuzwe kabla wagonjwa wengine hawajafika, nami nikaigeuza. Ila leso ile imefuliwa mpaka imekuwa nyepesi, wino umepenya upande wa pili, na sasa maneno yanasomeka kinyume kama yale ya boneti. Watu wazima wanapita bila kujua yamesema nini. Watoto wa chuo wanayasoma kwa sauti, wote kwa pamoja, na kuitikiana mpaka kwenye mlango wa wagonjwa.