Jinsi ya Kumuenzi Mchoraji Aliyekwisha Kufa

Kamati yetu ya Ryansoro, hapa Burundi, siku ikipata mchoraji wa kumfanyia maonyesho ya kumbukumbu, isijisumbue kubuni. Ifuate hatua hizi, ambazo ukanda wetu umezizoea.

1. Subirini afe. Mchoraji aliye hai huuliza malipo, hudai nauli, na huona kwamba picha imetundikwa kichwa chini. Marehemu hana neno.

2. Mtafutieni cheo. Mfano mwema ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere, kisha Slade School, London. Lakini pia aliwahi kuwa balozi wa Tanganyika huko Uingereza! Hotuba ianze na ubalozi. Uchoraji utajwe muda ukibaki.

3. Tundikeni fotokopi. Picha yake ya 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Mkulima wa Ryansoro angeielewa bila kuelezwa, maana migomba anayo na pombe ya ukweni ameibeba. Kinachomkosesha ni viza tu. Fotokopi ikipauka, semeni ndio mtindo wa msanii.

4. Maonyesho makubwa yapelekeni mbali. "Mwili, Akili na Roho", yaliyomjumuisha Ntiro na wachoraji wenzake wa Afrika Mashariki, yalionekana Munich mwaka 2020 na London mwaka 2021. Jina lilikuwa la Kiswahili. Wenye Kiswahili hawakuwa wa kwanza kualikwa.

5. Mheshimuni mgeni rasmi. Ngoma zitoke Gishora, fanta zipoe, utepe ukatwe. Apigwe picha mbele ya mchoro, akiupa mgongo.

6. Jihadharini na wazee wa mashambani. Ntiro alichora watu wakilima, wakichuma kahawa, wakibeba mizigo. Atajitokeza mzee aseme, "Huyu jembe amelishika vibaya." Huyo ndiye mhakiki pekee ukumbini. Mpeni kiti cha nyuma, mbali na kipaza sauti.

7. Mwisho, yeyote katika kamati akipendekeza mnunue mchoro wa kijana aliye hai hapo Gitega, mwondoeni mapema. Kijana akianza kula kwa brashi yake atazeeka vizuri, nanyi mtangoja miaka mingapi kumfanyia maonyesho?