Kaboni ifike haraka msituni

Wapiga mishale wa dunia wana mjadala mzito: aluminiamu au kaboni? Mshale wa aluminiamu ni wa bei nafuu na umenyooka sawasawa, ila ukigonga jiwe unapinda. Wa kaboni ni mwepesi, huenda kasi, haupindi. Hupasuka tu, na vibanzi vyake humrudia mwenyewe kiganjani. Shirikisho la dunia la upigaji mishale limeshapima hata unene: usizidi milimita 9.3.

Habari hizi njema ziwafikie Wambuti, wawindaji wa msitu wa Ituri, kaskazini mwa Beni, Kongo. Maskini wao! Bado wanachonga mti, wanakausha ncha kwa moto, wanaipaka sumu ya mimea, na nyuma wanachomeka jani badala ya unyoya. Tumbili huanguka bila kuuliza mshale umetengenezwa wapi.

Wafanyabiashara wa Butembo, waliozoea kushusha makontena kutoka Guangzhou na Dubai, wakiamua wataileta hiyo kaboni kesho. Kazi ni kumpata mteja: duka lake limeota mizizi nyuma ya kibanda, na halijamkatalia mtu eti dola yake imechanika kidogo.