Bata wa Mita Kumi

Sauti iliyotoka kwenye spika za harusi ile haikuwa ya mshereheshaji. Ilikuwa ya bata, tena bata mwenye haraka na hasira, na ilimkatiza mzee wa upande wa bwana harusi katikati ya nasaha zake. Watu wa Kinakomba, huku kwenye Mto Tana, ni wastahimilivu, wakangoja. Bata akanyamaza, mzee akaanza upya, bata akarudi. Hapo bibi mmoja aliyekaa mkekani karibu na spika akajifunga leso vizuri, akainuka, akasema lililokuwa vinywani mwa wengi: "Hili ni jini."

Jini lenyewe lilikuwa nyumba ya tatu kutoka hapo, limekaa kwenye kigoda, kipaza sauti mkononi, likiwaita Wataliano.

Jini hilo ndilo mwandishi wa makala haya, na aibu yake haijapoa. Vijana walifuata waya kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, na kutoka mwembe huo hadi wa pili, kisha wakarudi mlangoni na kumkuta akikariri kwa Kiingereza "hamsini na tisa, thelathini na saba" bila kupumua. Mkubwa wao akapiga hodi kwa adabu zote. "Kaka," akauliza, "hizo namba unamsomea nani?" Nyuma yake ilisimama nusu ya harusi, pamoja na mpishi aliyeuacha upawa kwenye pilau ili asipitwe.

Jibu sahihi lilikuwa: dunia nzima. Mwishoni mwa Oktoba kila mwaka, warusha mawimbi wa ridhaa hushindana kwa saa 48 kuona nani atawasiliana na watu wengi zaidi katika nchi nyingi zaidi. Hakuna mshahara wala fedha za zawadi. Hamsini na tisa maana yake ninakusikia vizuri kabisa. Thelathini na saba ni namba ya kanda ambamo Kenya imepangwa, pamoja na Tanzania, Uganda na majirani wengine, na ni kanda yenye watu wachache hewani. Kwa hiyo mtu anayejitambulisha kwa alama ya Kenya, 5Z4, hupaparikiwa na Japani, Marekani na Ulaya kwa mkupuo mmoja. Hapa nyumbani hakuna anayempaparikia.

Jibu hilo lilipotolewa mlangoni, mpishi alirudi kwenye pilau yake.

Na msimu ulikuwa mzuri kupita kiasi, hilo lazima lisemwe. Mawimbi ya mita kumi, yaani masafa ya megahezi 28, hayaendi mbali yakiachwa yenyewe. Huhitaji dari, na dari hiyo ni tabaka la F lililo kilomita mia mbili hadi mia nne juu yetu, ambako mwanga mkali wa jua hung'oa elektroni kwenye atomi. Ni Mwingereza Edward Appleton aliyethibitisha mwaka 1924 kwamba angani kweli kuna tabaka linalorudisha mawimbi, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1947. Wimbi likigonga huko hushuka kilomita elfu tatu au nne mbele, likagonga ardhi au bahari, likapanda tena. Kutoka Kinakomba hadi London ni miruko miwili.

Kwa nini Oktoba? Wakati wa kiangazi cha Ulaya, hewa ya juu kule hujaa molekuli za naitrojeni, na molekuli hizo huharakisha kupotea kwa elektroni. Oktoba ikifika hupungua, atomi za oksijeni zikashika usukani, elektroni zikadumu mchana kutwa. Huku kwetu mambo ni matamu zaidi. Elektroni huinuliwa juu ya ikweta ya sumaku, ile inayopita Ethiopia, kisha humiminika kaskazini na kusini yake. Ongeza jua lililofikia kilele cha mzunguko wake wa miaka kumi na mmoja mwaka 2024 na bado halijatulia, na mtu mwenye waya wa mita tano, betri ya gari na wati 100 anaongea na Sisili huku kuku wakipita chini ya meza.

Sasa bata. Redio hizi hutuma sauti kwa kuacha nyuma wimbi lake kuu, ili nguvu yote iende kwenye maneno. Anayepokea hulirudisha wimbi hilo ndani ya redio yake, sauti ikawa ya binadamu. Amplifaya ya harusi haina ujuzi huo. Waya wake mrefu wa kipaza sauti, uliotandazwa kutoka mahema hadi kwenye jenereta, hugeuka antena bila kuombwa. Transista iliyo ndani hupokea kisichoihusu na kukitoa kikiwa nusu tu, na nusu hiyo hulia kwekwekwe. Kosa, kwa hukumu ya fizikia, ni la amplifaya. Lile dude jeusi linalovimba kwenye waya wa kompyuta ya zamani ni pete ya feraiti, na likibanwa kwenye waya wa kipaza sauti mara nyingi hummaliza bata kabisa. Mwandishi aliyaeleza yote hayo mbele ya wazee kwa mchoro ardhini. Wazee wakamsikiliza hadi mwisho, wakaamua azime.

Akazima. Waliokuwa wakimngoja Japani wanajua wenyewe walivyopokea.

Msimu wa mwaka 2024 nao ulikuwa na lake. Alhamisi tarehe 3 Oktoba, saa tisa na dakika kumi na nane alasiri, jua lililipuka kwa nguvu ya X9, mlipuko mkubwa kuliko yote ya mzunguko huu hadi siku hiyo. Eksirei zake zikalinenepesha tabaka la chini kabisa, lile la D, likameza mawimbi mafupi upande wote wa dunia uliokuwa mchana, Afrika ikiwemo. Redio ya mwandishi ikawa kimya. Ilipofikishwa kwa fundi mmoja wa Hola, jua lilikuwa limeshapoa. Fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akaiwasha, ikaongea. Akalipwa kwa kulitengeneza jua.

Jua halikuwa adui pekee: kima waliishusha antena wakifuata maembe. Radi ya vuli ilipiga karibu, na tangu hapo waya huchomolewa kwa fimbo kavu.

Lisilochekesha ni jinsi redio hii inavyoonwa kuwa kitu kigeni. Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, ni halali mchana kweupe. Hata hivyo kila meza ambapo mwandishi ameweka redio yake, kuna ofisa aliyeuliza kama ni ya ujasusi. Pwani hii haikuzaliwa jana. Kwenye Ghuba ya Ungwana, kusini ya mdomo wa Tana, Wataliano walisimamisha jukwaa la San Marco baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapo setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Kwa roketi tulipiga makofi. Kwa waya juu ya mwembe tunaita askari wa akiba.

Mto nao haungoji tumalize kuulizana. Novemba 2023 Tana ilifurika, vijiji vikahama, barabara ya kwenda Garissa ikakatika sehemu za Madogo. Redio ya ridhaa huwafaa watu siku kama hizo: Desemba 2004 mama mmoja wa India, Bharathi Prasad, alikuwa visiwa vya Andaman kwa ajili ya hobi hii hii. Tsunami ilipokata simu tarehe 26, redio yake ikawa njia ya habari kati ya visiwa na bara, na watu wakapata kujua jamaa zao wako hai. Wimbi lile lile la bahari lilifika pwani ya Kenya siku hiyo hiyo.

Kwa mafuriko yetu hata hiyo mita kumi haihitajiki. Waya wa mita 20 uliofungwa chini chini, kwenye megahezi 7, hupeleka mawimbi wima na kuyashusha ndani ya kilomita mia chache, kwa hiyo mchana Mombasa na Nairobi zinafikika bila mlingoti wa simu hata mmoja. Wanaopanga bajeti ya mafuriko waweke vituo vitatu: Hola, Garsen na Kipini. Wakikosa wa kuwafundisha vijana, yupo mmoja Kinakomba, na hatozi kitu.