Sifa Njema za Karatasi Mia na Nne

Wapo waliosifu dhahabu, wapo waliosifu farasi na majahazi, na wapo waliodiriki hata kuusifu umaskini ilhali matumbo yao yameshiba. Lakini sijapata kumwona mtu aliyeshika kalamu akaiadhimisha ramani ya reli ndogo iliyochapwa kwa ukubwa wake kamili, kipande kwa kipande, juu ya karatasi za kawaida za ofisini, tena katika mji wa Kitui ambao reli yenyewe haikuwahi kuufikia. Dhuluma hii imedumu vya kutosha. Mimi, ambaye nyumba yangu imejaa karatasi hizo tangu sebuleni hadi uvunguni mwa kitanda, nimejiona ninayo haki ya kuwa wakili wake.

Asiyeijua sanaa hii na ajue kwamba watengenezaji wa treni za mfano siku hizi huichora njia yao kwanza katika kompyuta, kwa programu kama XTrackCAD, AnyRail au Templot, na mchoro ukishakamilika huiamuru programu iuchape kwa kipimo cha moja kwa moja, yaani sentimita ya mchoro iwe sentimita ya meza, ili karatasi itandazwe juu ya ubao na reli zilazwe juu ya mistari yake pasi kubahatisha. Huko Ulaya mwenye nafasi humpelekea mchoro wake mwenye printa pana, akarudishiwa gombo moja lililonyooka kama jamvi la msikitini. Sisi tuna saiba, na saiba ina A4, ile karatasi ya milimita 210 kwa 297 ambayo Wajerumani waliiwekea kanuni mwaka 1922, bila shaka kwa nia njema na bila kumdhania mabaya mtu wa Kitui.

Kituo nilichokichagua ni Kibwezi, kule Makueni, mwisho wa barabara itokayo hapa kwetu kupitia Mutomo na Ikutha. Na sababu ya kukichagua ni kwamba reli mbili hupita hapo, ya kale na ya kisasa. Reli ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435, nao ukigawanywa kwa 87, kama wafanyavyo wengi wa wenzetu duniani, hutoa milimita 16.5 barabara, upana ambao hata muuza vitu vya watoto huko ng'ambo anao dukani. Lakini ile ya kale, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ukingo wa ziwa mwaka 1901, ni ya mita moja tu, na mita moja ikigawanywa vivyo hivyo hutoa milimita kumi na moja na nusu, kipimo cha kumtia mtu ukiwa. Hivyo aghalabu hutumiwa reli ya milimita 12 na nusu milimita ile husamehewa. Sasa chukua njia ya kupishana ya mita 600, uigawanye kwa 87, bado utabaki na karibu mita 7. Upana wa meza uwe sentimita 60. Uondoe ukingo mweupe ambao printa haiwezi kuugusa. Nawe utajikuta na karatasi 26 kwa urefu na 4 kwa upana. Kwa shilingi 10 kila ukurasa, hiyo ni shilingi 1,040, na hapo hatujanunua hata taruma moja.

Hebu tazama, basi, unyofu wa karatasi hizi. Mbele ya kioo cha kompyuta kila mtu ni mhandisi: kidole kimoja hukuza, kingine hupunguza, na kona ambayo hata mkokoteni usingeipita huonekana pana na yenye heshima. Karatasi haijui kubembeleza. Ukiitandaza sakafuni, inakuambia papo hapo kwamba njia ya tatu imekwisha kutoka mlangoni na sasa iko barazani kwa jirani. Nilikuwa na shauku ya kupitisha garimoshi la daraja la 59, lile la Beyer Peacock wa Manchester, yale majitu 34 yaliyoletwa Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956, kila moja likipewa jina la mlima. Urefu wake wa takriban mita 32 ukipunguzwa huwa sentimita 36 na zaidi kidogo, maana yake ni kwamba injini peke yake ni ndefu kuliko karatasi inayoichukua. Nikakata kipande cha boksi kwa urefu ule, nikakisukuma polepole juu ya mistari, na kwenye kona ya pili pua yake ikapanda jukwaani mahali ambapo abiria wangekuwa wamesimama na mizigo yao. Kompyuta ilikuwa imeinyamazia siri hiyo tangu mwanzo.

Wenye husuda watataja yale yaliyotokea katika saiba fulani, ambayo jina lake nitalisitiri, ambako printa ilikuwa imefundishwa kuutosheza kila mchoro ndani ya ukurasa, hata mchoro usioomba kutoshezwa. Mtu mwangalifu huchapa pembeni mraba wa milimita 100 ili aupime kwa rula, na mraba wangu ulitoka milimita 97. Kijana wa zamu akautazama akasema, "Mwalimu, hizo tatu si kitu." Lakini tatu katika mia humega sentimita 21 katika meza ya mita 7, na njia ya milimita 16.5 huwa 16, ambayo ni sawa na kuibana reli ya kweli kwa milimita 43 kisha kuisihi treni ijipunguze tumbo. Nani mwingine, nauliza, angetufundisha hesabu za asilimia sisi wawili, mimi mtu mzima na yeye kijana, tumesimama mlangoni katika joto la adhuhuri? Umeme nao ulipokatika katika karatasi ya sitini na moja, na uliporejea printa ikaanza tena na ya kwanza kwa utulivu wa mtu mwenye wakati wake, foleni nzima ilipata fursa ya kujuana. Mama mmoja aliyekuja kuchapa fomu ya basari aliondoka akijua tofauti ya reli ya mita na ile ya kisasa kuliko baadhi ya wanaosafiri juu yake.

Kazi ya kuunganisha sitaieleza sana, kwani kila karatasi ina misalaba midogo pembeni, msalaba hukalishwa juu ya msalaba mwenzake, selotepu hupita, na kwa saa nzima mtu hutembea kwa magoti kana kwamba ametenda dhambi. Ila nitaitaja tabia moja ya ajabu. Karatasi hunywa unyevu ikatanuka, hukauka ikasinyaa, na zaidi kwa upande mmoja kuliko mwingine. Hivyo ramani iliyounganishwa katika kiangazi cha Agosti, mvua za Novemba zinapofika, hujikunja mawimbi, na Kibwezi, mahali pakavu panapojulikana, hupata vilima ambavyo mhandisi yeyote hakuvipima. Wakulima wetu huzitegemea mvua hizo kwa mahindi na pojo. Mimi huzitambua kwa reli kuachana na jukwaa.

Wala faida zake hazikomi pale zinapokataliwa. Zile za asilimia 97 nilimpa muuza njugu wa karibu na stendi, kwa kuwa zina upande mweupe na ni ngumu kuliko gazeti, naye akazikunja vikopo vyema kabisa. Siku chache baadaye mteja wake mmoja, akiwa amekwisha kula na kukikunjua kikopo, alinisimamisha kwa adabu akitaka kujua reli ile iliyokatika katikati ya ukurasa inaelekea wapi. Nikamwambia inaelekea Mtito Andei, lakini kipande kinachofuata kimefunga njugu za mtu mwingine.