Nasaba ya Sultani

Mji wa Rottweil, ulioko kusini-magharibi mwa Ujerumani katika jimbo la Baden-Württemberg, ulianzishwa na Warumi mwaka 73 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, na kwa karne nyingi sifa yake ilikuwa biashara ya ng'ombe. Wachinjaji wa mji huo walifuga mbwa weusi wenye alama za hudhurungi usoni na miguuni, wapana wa kifua na wenye subira nyingi, ambao kazi yao ilikuwa kuswaga mifugo mpaka sokoni na kuvuta mikokoteni ya nyama. Na yasemwa kwamba mchinjaji akiisha kuuza alimfunga mbwa wake mkoba wa fedha shingoni, akaingia kilabuni kwa raha zake, maadamu katika nchi ile hapakuwa na mwivi aliyekuwa radhi kuufungua. Reli zilipoichukua kazi ya kusafirisha mifugo mbwa hawa walikaribia kutoweka, hata walipokubaliwa kuwa mbwa wa polisi mwaka 1910, wakapata riziki mpya serikalini.

Mmoja wa kizazi hicho, mtumishi wa serikali kwa nasaba ingawa yeye mwenyewe hakupata kupangiwa zamu, ndiye aliyekuwa abiria wa tatu katika gari la rafiki yangu nilipokuwa mgeni wake huko. Rafiki yangu ni Mjerumani mzee aliyewahi kufundisha useremala Tanga, akatoka kwetu na Kiswahili safi, mapenzi ya wali wa nazi, na desturi ya kuniita Maalim hata tunapogombana. Na kwa heshima ya pwani aliyoipenda amempa mbwa wake jina la Sultani. Sikulipenda jina hilo, kwa kuwa masultani wa Zanzibar walikuwa watu wenye aila na makaburi yao yapo, bali mgeni hana shauri katika majina ya nyumba ya watu.

Yafaa nieleze pia hali yangu na mbwa, nisije nikahukumiwa kwa chuki nisizokuwa nazo. Mimi ni mfuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na katika nyumba tulizolelewa mbwa hukaa nje ya ua akalinda kinachomhusu. Mate yake yakikugusa, mahali palipoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo ulio safi. Sheria ya barabara ya Ujerumani nayo humhesabu mnyama aliyemo garini kuwa shehena, na shehena sharti ifungwe. Kwa hiyo Sultani alifungwa kiti cha nyuma kwa mkanda wake mwenyewe, ila mkanda ule ulikuwa mrefu kiasi cha kumwezesha kuuegemeza uso wake, wenye mate mengi na mapenzi zaidi, begani kwa aliyeketi mbele, ambaye kwa kuwa sijui kuendesha gari ndiye mimi. Nikatafuta kopo la biskuti, nikachekecha udongo mkavu wa bustani nikalijaza, nikaliweka miguuni pangu. Na tangu hapo, karibu katika kila kituo cha petroli tulichosimama, yuko mtu aliyemwona mzee mwenye kofia ya viua akijisugua bega kwa mchanga, akaenda kusimulia nyumbani kwake.

Matata ya sheria yalianzia Kehl, mji ulio ukingoni mwa mto Rhine, ambao mbele yake, ng'ambo ya maji, ndiko Strasbourg na nchi ya Ufaransa. Daraja la magari linalounganisha miji hiyo huitwa Daraja la Ulaya, kwa kuadhimisha kwamba mataifa haya yaliyopigana sana sasa yamekuwa ndugu. Upande wa huku Sultani ni mbwa kama mbwa wengine. Upande wa pili, kwa sheria ya tarehe 6 Januari 1999, ni mbwa wa fungu la pili, fungu la walinzi na watetezi, asiye na ruhusa ya kutia mguu njiani pasipo ukanda shingoni na kifungio mdomoni. Rafiki yangu, ambaye kwa tabia ya watu wake husafiri na jalada la karatasi nene kuliko la kesi ya mirathi, alikuwa na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, hati ya bima na risiti ya kodi ya mbwa; kifungio alikinunua asubuhi ile ile bila ya kumpima mvaaji. Tulipofika uwanja ulio mbele ya kanisa kuu, mahali penye watalii wengi kuliko njiwa, Sultani alipiga miayo, na ukanda wa kifungio ukakatika.

"Maalim," akasema rafiki yangu kwa sauti ya chini, akitazama kulia na kushoto, "niazime shali."

Kilemba cha ukoka nimekiona kikivishwa watu wengi, na wengine wao wakubwa. Shali ya mgeni kuvishwa mbwa mdomoni nilikuwa sijaiona, wala sikudhani kwamba siku itakapoonekana itakuwa ni yangu. Nilimpa, kwa sababu faini isingemwumiza yeye peke yake bali na chakula chetu cha mchana. Watu wakapiga picha. Shali ile imekwisha kuoshwa mara zote zinazotakiwa, lakini sijaweza kuivaa, na sasa inafunika cherehani.

Ulaya haina neno moja juu ya mbwa. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1991, na kwa sheria hiyo mbwa haulizwi jina bali hupimwa umbile, akionekana anafanana na waliokatazwa ameshapata kesi. Denmark iliwapiga marufuku mbwa wa aina 13 mwaka 2010. Ujerumani yenyewe ina sheria ya shirikisho ya mwaka 2001 inayozuia aina nne kuingizwa nchini, kisha kila jimbo lina orodha yake, na yapo majimbo, kama Niedersachsen na Schleswig-Holstein, yaliyokwisha kuzifuta orodha zao. Sisemi kwamba watu hawa wamerukwa na akili. Mwaka 2000 huko Hamburg mbwa wawili walimwua mtoto wa miaka sita katika uwanja wa shule, na aliyezika mtoto hawezi kuambiwa angoje uchunguzi wa tabia. Ninalosema ni kwamba kosa likitokea mahali pamoja, na hukumu ikaandikwa na majimbo 16 yasiyosomeana barua, matokeo yake huonekana vizuri zaidi ukiwa umesimama juu ya daraja la Ulm.

Tulipita Ulm katika safari ya Vienna, tulikoalikwa harusi ya mpwa wake rafiki yangu. Mto Danube hupita hapo, na ng'ambo yake ni Neu-Ulm, mji mwingine ulio katika jimbo la Bavaria, karibu mno hata mnara wa kanisa la Ulm, wenye urefu wa mita 161, huonekana pande zote mbili bila ya kibali. Orodha ya Baden-Württemberg haina jina la mbwa wa Rottweil, na ajabu ingekuwa kama lingekuwamo. Orodha ya Bavaria inalo: huko mbwa huyu hudhaniwa kuwa mkali mpaka mtaalamu atoe ushahidi kwamba si mkali. Tukashuka kunyosha miguu, tukatembea darajani, na tulipofika katikati Sultani akalala chini, kilo 50 zake zote, akakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Hata nikaona kwa macho yangu mnyama mmoja ambaye kichwa chake kilikuwa mshukiwa ilhali mkia wake ni raia mwema. Ulm ndiko alikozaliwa Albert Einstein mwaka 1879, aliyekuja kuuthibitishia ulimwengu kwamba vipimo hutegemea hali ya mpimaji, nami nadhani alikuwa ameliona jambo hilo mapema.

Vienna ndiko nilikopata cheo. Mji huo una orodha ya aina 12, na Rottweiler yumo. Tangu mwaka 2010 mkazi anayefuga mmoja wao sharti afanye mtihani apate leseni, kama dereva. Na kama dereva vilevile, anayemwongoza mbwa huyo njiani hana ruhusa ya kuwa na kileo kinachozidi nusu gramu katika lita moja ya damu. Harusi ilikuwa ya furaha. Ilipofika saa nne za usiku Sultani alisimama mlangoni akalia, ishara ambayo haikuhitaji mfasiri, na rafiki yangu, aliyekwisha kupita kipimo cha sheria tangu hotuba ya kwanza, akauliza ukumbi mzima kuna nani asiyekunywa. Bwana arusi hapana, shangazi hapana, mpiga kinanda ndiyo kabisa hapana. Macho yakazunguka ukumbi, yakatua juu yangu na gilasi yangu ya maji ya machungwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba katika umma ule wote wa wapenzi wa mbwa, mtu pekee aliyefaa mbele ya sheria alikuwa yule asiyetaka kuguswa naye. Nikatoka, mkono nimeuzungushia mfuko wa plastiki, Sultani amevaa kifungio kipya kilichomkaa sawasawa. Nilitazamia kuburutwa. Badala yake alipokwisha haja yake alinitazama, akaona mzee mgeni asiyejua njia, akaja ubavuni pangu akaniegemea kwa bega, akanisukuma kwa adabu kila nilipotaka kupotea kona, mpaka akanifikisha mlangoni kama ng'ombe wa mnada. Hapo nikasadiki kwamba nasaba ni kitu: yeye anaswaga tu, na orodha zote nilizosomewa hazikulitaja jambo hilo.

Turudipo, askari walitusimamisha karibu na Salzburg, kwa kuwa Ujerumani imerudisha ukaguzi katika mpaka ule tangu mwaka 2015. Zikatolewa pasi mbili za buluu. Ya Sultani haina tarehe ya kwisha, wala haihitaji viza, mradi chanjo zake ziwe hai. Yangu ina vyote viwili, ikatazamwa kwa mwanga wa jua, kwa mwanga wa taa, na kwa muda. Kisha kijana mmoja akaliona kopo.

"Udongo," rafiki yangu akamweleza.

"Wa nini?"

Swali lile jibu lake lapata kitabu cha fikihi. Rafiki yangu alijitahidi, akaeleza habari za mate, za bega, za mara saba, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo kijana alivyozidi kulivuta kopo karibu na pua yake. Akalisogeza dirishani ili mwenzake alione. Na Sultani, aliyekuwa ametulia muda wote huo kama mtu mwenye vyeti, akaingiza uso na kupiga chafya ndani. Askari wakacheka, wakatupa njia. Udongo wangu uliokuwa wa kuondolea najisi ukawa wenyewe najisi, na kutoka hapo mpaka Rottweil nilisafiri bega langu likiwa halina mtetezi.

Rafiki yangu ana dada yake Zurich, naye ametualika. Katika mkoa huo wa Uswisi, tangu Januari 2025, haikubaliwi kupata Rottweiler mpya, na waliokuwa nao walitakiwa kuomba kibali; jalada la karatasi limeanza kunenepa tena, na nimeambiwa kwamba Sultani atakuja. Treni ya Stuttgart kwenda Zurich husimama Rottweil yenyewe. Nimekwisha kukata tiketi ya mtu mmoja.