Inaingia, Bosi

Jirani, usicheke kwanza. Kaa hapo. Agiza kahawa, na ulipe mwenyewe, maana mfukoni mwangu zimebaki funguo tu. Funguo tatu, za gari moja. Huu wa mlango, huu wa kuwashia, huu wa tangi la mafuta. Mlango wa nyuma hauna ufunguo. Una kamba.

Ilianza hivi. Nilikuwa na Starlet yangu nyeupe, milango mitano, namba A. Wenzangu wanaringia namba E, yangu ukiiona unatamani kuiamkia. Lakini ilikuwa inatembea. Inatoa moshi kama jiko la mkaa lililomwagiwa maji, lakini inatembea. Ningetulia. Sikutulia. Nikaipeleka kwa fundi, pale gereji ya chini ya mwarobaini. Fundi akafungua boneti, akatoa kijiti mdomoni, akasema, "Bosi, usinunue injini. Nunua gari bovu zima. Unapata injini na mazagazaga yake yote."

Mimi gari siijui, jirani. Najua kuweka mafuta, tena ya elfu kumi. Ila mwanaume mbele ya boneti lililo wazi hawezi kusema hajui. Unashika kiuno. Unatikisa kichwa. Unasema, "Mmh, ni kweli." Hiyo "ni kweli" imenigharimu milioni mbili na laki tatu.

Gari ya pili ikaja. Starlet ya buluu, kama yangu, EP71, zile za miaka ya themanini. Fundi akanipa darasa hapo hapo. Hiyo E ni ukoo wa injini, P ndiyo Starlet yenyewe. Nikasema ni kweli. Ya buluu ilikaa miaka karibu na bahari, sakafu imeliwa na kutu, ukikaa unaona siafu wanapita chini. Lakini boneti zima, na milango mizima. Na yangu mlango wa dereva ulikuwa umebonyea. "Unaingia, bosi."

Ukaingia wapi! Ya buluu ilikuwa ya milango mitatu. Mimi nilihesabu milango? Mwenzangu unayejua utaniambia: gari ya milango mitatu, mlango wake wa mbele ni mrefu, ili mtu wa nyuma apate pa kupita. Wangu mfupi. Fundi akaushika ule mrefu, akaupachika, ukaziba mpaka nusu ya mlango wa nyuma. Akarudi hatua tatu. Akautazama kama mtu anayetazama picha ya harusi. Akasema, "Bosi, tutafute gari nyingine."

Mlango wangu ukanyooshwa kwa nyundo. Sasa unafungwa hivi: unainua, unasukuma, unapiga goti. Suruali zangu zote zina alama ya goti. Ofisini wanadhani nimeokoka, nasali sana.

Gari ya tatu nyekundu. Hii ilipinduka, paa limekaa kwenye siti kama chapati, lakini injini safi. EP82 hii, mdogo wake na yangu. Fundi akasema yangu ina injini 2E, hii ni 4E. Jirani, nilifurahi! Mbili na nne! Nikajua napata nguvu mara mbili. Nikawaambia kijiweni. Nikamwambia mama watoto tutakuwa tunapanda mlima Kitonga kwa gia namba nne. Kumbe kijana mmoja wa gereji, mbea tu, akaja kunisomea kwenye simu. 2E ina cc 1295. 4E ina cc 1331. Toa mwenyewe. Thelathini na sita! Hicho kikombe cha kahawa ulichoshika kinaingia zaidi ya hapo.

Basi, injini ikashuka. Ikapanda. Ndipo fundi akakumbuka, tena wakati pesa nimeshatoa, kwamba yangu ilikuwa ya kabureta, hii ni EFI. Ya kabureta pampu yake ndogo, inavuta mafuta taratibu kama bibi anavyovuta ugoro. EFI inataka pampu ya umeme, yenye presha. Inataka kontrol boksi. Inataka waya, waya, waya. Fundi umeme akaitwa. Akakaa siku nne. Pampu ikafungwa chini ya siti ya nyuma, ukiwasha gari inalia zzzzz, utadhani mzinga wa nyuki. Watoto wangu wanakaa juu ya nyuki. Kontrol boksi nayo ikaninginizwa chini ya dashibodi, miguuni kwa mama watoto. Akaniuliza hiki nini. Nikamwambia ni akili ya gari. Akasema, "Afadhali na yenyewe imepata."

Bampa la nyekundu halikuingia. Likafungwa kwa waya. Siti za nyekundu zikaingia, ila za juu, kichwa changu kinagusa paa, naendesha nimeinama kama nachungulia dirishani kwa watu. Kioo cha pembeni cha kulia hakikupatikana gari yoyote kati ya tatu. Babu wa nyumba ya pili akanionea huruma, akachomoa kimoja alichokihifadhi uvunguni tangu auze Starlet yake. Akanipa. "Utanirudishia," akasema.

Toyota wenyewe, jirani, mwaka 1999 waliachana na Starlet, wakaleta Vitz. Watu wenye viwanda! Mimi na fundi mwenye kijiti ndio tukasema tunaendelea.

Wiki ya kwanza tu trafiki akanisimamisha. Akashika kadi, akazunguka gari. Mara ya kwanza. Mara ya pili. "Mzee, kadi inasema rangi nyeupe."

"Nyeupe ipo, afande."

"Wapi?"

Nikamwonyesha paa.

Akaomba nifungue boneti, lile la buluu. Akasoma namba ya injini. Akasoma kadi. Hazifanani. "Hii injini ya gari gani?"

Na mimi, bila hata kufikiri: "Ya nyekundu, afande."

Niliandikiwa, nikaambiwa nikabadilishe kadi. Haya. Hilo dogo. Kubwa ni la Jumamosi.

Fundi umeme alipopitisha zile waya, wa honi akaubana kwenye mti wa usukani. Nikinyoosha, kimya. Nikikata kushoto, kimya. Nikikata kulia, honi. Nikamwambia. Akasema, "Bosi, kata kushoto kwanza, nitakuja." Nikazoea. Nina njia zangu za kushoto tupu, naenda kazini kwa kuzunguka kama mwali anayefundwa.

Jumamosi tukapata msiba. Mzee wa watu, mtulivu, mtaa mzima unamlilia. Magari machache, nikaombwa nibebe wazee wanne. Nikapewa heshima, jirani: gari ya pili, nyuma tu ya jeneza. Tunaenda makaburi ya Kinondoni, polepole, watu wanaondoa kofia. Tunafika. Msafara unakata kulia.

Piiiiiiiii!

Nikanyoosha kidogo. Kimya. Nikakata tena. Piiiiiii! Wabeba jeneza wakageuka. Akina mama wakakatisha kilio. Mzee mmoja siti ya nyuma, juu ya nyuki, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, haraka ya nini? Marehemu mwenyewe hana haraka."

Nilizika nimejificha nyuma ya mwembe.

Tukamaliza. Watu wanaondoka. Nikageuza ufunguo. Kimya. Hata nyuki hawapo. Nikageuza tena. Wazee wangu wanne wakashuka. Waombolezaji wakavua makoti, mikono bado ina udongo wa kaburi, wakaanza kusukuma. Tukasukuma mpaka geti. Tukasukuma kurudi. Gari nyepesi, haifiki tani, lakini siku ile ilibeba aibu zote za ukoo wangu.

Akatokea kijana wa mtaa, amevaa ndala, akainama chini ya siti, akasikiliza. "Wazee, pumzikeni. Hii EFI, pampu imekufa. Mnasukuma jeneza la pili."

Watu wakakaa kwenye ukuta. Kijana akaizunguka gari. Nyeupe, buluu, bampa jekundu na waya wake. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, hii unaiuza kama gari au kama spea?"

Nikashika kiuno. Nikamuuliza, ipi ina bei.

Akafikiri. "Kama gari, sitaki. Ila spea kuna moja nitakupa elfu thelathini sasa hivi."

Jirani, nilifurahi. Nikamwambia chagua. Injini 4E? Boneti?

Akaweka mkono kwenye kioo cha pembeni, cha kulia.